Profesa wa Lumbesa

Nyuma ya mlango wa ofisi yake, pale ambapo wahadhiri wengine hutundika koti, palining'inia mizani ya ndoano, ile wanayotumia wanunuzi wa maharage. Mwanafunzi aliyeingia kwa mara ya kwanza alidhani amekosea chumba. Alikuwa ameambiwa anakwenda kwa bingwa wa fedha za kimataifa, mtu anayealikwa kusoma makala zake katika miji ambayo sisi tuliiona kwenye kalenda tu. Akakuta mizani yenye kutu, na chini yake jiwe la kilo tano ambalo mwenye ofisi alilitumia kuijaribu kila Jumatatu asubuhi.

"Inasema kweli, mwalimu?" tulimtania.

"Leo inasema kweli. Ya kesho tutaiuliza kesho."

Mwezi uliopita chuo kiliniomba niandike kurasa tatu kumhusu. Ukumbi mpya wa mihadhara hapa Mbeya utapewa jina lake, na siku ya kuufungua kutakuwa na kijitabu. Mwenyekiti wa kamati, kijana mwerevu ambaye hakuwahi kufundishwa naye, alinipigia simu akaniambia kwa adabu kabisa, "Dokta, lile suala la magunia tungeliruka tu. Ni siku ya heshima." Nikamwambia nitafikiria. Nilifikiria, nikakasirika, na bado zikapita siku nyingi sijaandika mstari, kwa sababu katika suala la magunia mimi nimo. Kurasa tatu zimekwishapatikana sasa. Haya ninayoandika hapa ni yale ambayo hayakuenea humo.

Sitamtaja jina. Sisi wenyewe hatukuwahi kumwita kwa jina. Nilipomfahamu alikuwa bado hajapata uprofesa, lakini nitamwita Profesa tangu mwanzo, maana uprofesa wake una habari yake na mimi nimechoka kuona watu wanauhesabu tangu siku barua ilipotoka.

Darasa lake la kwanza kila mwaka lilianza vilevile. Aliingia dakika mbili kabla ya saa, akafunga mlango saa ilipotimia, akatoa noti ya shilingi elfu kwenye mfuko wa shati akaiinua juu.

"Hii ni nini?"

"Hela," darasa zima lilijibu.

"Nani kasema?"

Mwaka wetu kijana mmoja wa Makongolosi akajitosa, "Si tumekubaliana wote, mwalimu?"

"Wote wa wapi? Ukivuka barabara pale Tunduma ukaingia Nakonde, upande wa Zambia, ukamkuta mama anauza samaki kwa kwacha, yeye mlikubaliana naye lini?"

Basi muhula mzima ulikuwa juu ya swali hilo. Kwa nini shilingi ibadilishwe kwa kwacha kiasi hiki leo na kiasi kingine wiki ijayo, nani anaamua, na anayeamua akikosea nani anaumia. Alifundisha mambo ambayo vitabuni yamejaa alama za Kigiriki, na alituandikia alama hizo zote ubaoni, lakini hakukubali mtu aondoke na alama bila kitu chake. Ukimwambia bei imepanda, alikuuliza, "Bei ya nini?" Ukimwambia shilingi imeshuka, "Ukiipima kwa nini?" Tulimwigiza bwenini. Mtu akisema ugali leo mdogo, sote tuliuliza, "Mdogo ukiupima kwa nini?"

Na mtu huyuhuyu alikuwa hajui kununua nyanya. Mke wake, ambaye sote tulimwita Mama, alimtuma siku moja soko la Mwanjelwa na orodha, akarudi na kila kitu kwa bei ya kwanza aliyotajiwa. Mama akampiga marufuku sokoni. "Mume wangu anajua bei ya dola," alituambia, "ya fungu la nyanya hajui." Yeye alijitetea kwamba muuzaji amemtajia bei ya mali yake mwenyewe, na kumkatalia ni kumwita mwongo mbele ya watu. Wauza nyanya wa Mwanjelwa walimpenda sana, na waliuliza hali yake muda mrefu baada ya marufuku.

Kanisani aliimba besi katika kwaya ya Kilutheri, kwa sauti kubwa na kwa makosa yaleyale kila wiki. Mwalimu wa kwaya alikuwa kijana aliyemaliza kidato cha nne. Alimsimamisha kila Jumamosi na kumwonyesha, Profesa akasema, "Asante, mwalimu," akarudia kosa. Lakini ukileta jedwali lenye tarakimu moja iliyokaa vibaya, hakuzungumza nawe mpaka uirekebishe. Nilipomuuliza kuhusu tofauti hiyo alisema kwamba kwaya haimdanganyi mtu. Anayesikia anajua amekosea.

Sifa hakuwa nazo za kugawa. Katika miaka yote niliyomfahamu, neno "vizuri" nilikuwa nimelisikia kwake mara mbili. Ya kwanza nilimpelekea bei za mchele wa Usangu nikiwa nimetoa uzito wa gunia tupu bila kuambiwa. Ya pili nilikuwa nimemletea chai, naye alikuwa anaisifu chai.

Aliwahi kuitwa kazini na shirika moja kubwa la kimataifa, ng'ambo, kwa mshahara ambao Mama aliuandika kwenye karatasi akaubandika jikoni wiki nzima ili awe anauangalia. Alikataa. "Kule watanipa ofisi yenye zulia," alisema, "na Tunduma nitaiona kwenye jedwali. Nilishaiona kwenye jedwali mara moja. Inatosha." Waliokuwa hawajui habari ya magunia hawakumwelewa.

Sasa magunia. Asiyetoka huku kwetu ajue kwanza lumbesa. Ni gunia la viazi lililojaa mpaka mdomoni, kisha likaongezewa kichwa: viazi vinapangwa juu ya mdomo, vinafungwa kwa kamba na kushonwa mpaka gunia linavaa kilemba. Anayelipia gunia moja anaondoka na gunia na ziada yake. Wakulima wetu wamelia na lumbesa miaka yote.

Makala iliyompa Profesa jina ilihusu viazi. Kwa miaka miwili alikusanya bei ya gunia la viazi Tunduma na bei ya gunia la viazi Nakonde. Kanuni ya wachumi hapa ni rahisi: kitu kimoja kikiuzwa pande mbili za barabara moja, ukishabadilisha fedha, bei zinapaswa kukaribiana. Yeye alikuta ajabu. Gunia la Nakonde lilikuwa rahisi kuliko la Tunduma, siku zote, na bado malori ya viazi yalivuka kwenda Nakonde. Nani anatoa mali kwenye bei nzuri anaipeleka kwenye bei mbaya, tena kila wiki, anarudi anacheka? Profesa akajibu kwa nadharia nzuri mno. Watu hawa, aliandika, hawauzi viazi, wananunua kwacha. Wanakubali kupoteza kwenye viazi ili wapate fedha ya upande wa pili, ambayo thamani yake halisi ni kubwa kuliko inavyobadilishwa mpakani. Makala ilisifiwa, ikafundishwa nchi za mbali, na kwa nguvu yake jalada lake la kuomba uprofesa kamili lilikuwa limefika mbele ya kamati ya chuo.

Wakati huo nilikuwa mwanafunzi wake wa shahada ya pili. Kwetu ni Igowole, na baba yangu alikuwa mfanyabiashara wa viazi. Profesa alinituma Tunduma kukusanya bei za mwaka wa tatu. Nilikuwa nimeisoma makala ile mara nne nikaipenda, ila kulikuwa na jambo moja lililonikera: sikumwona baba yangu ndani yake. Baba avuke mpaka kwenda kupoteza kwenye viazi? Angevirudisha nyumbani tukavila mpaka Pasaka.

Siku ya tatu nilifuata lori mpaka Nakonde. Nyuma ya maghala akina mama walikuwa wanakata kamba za vilemba, wanamwaga viazi kwenye turubai na kuvipakia upya.

"Mama, hapa mnafanyaje?" nilimuuliza mmoja.

"Tunapunguza, dada. Hii lumbesa huku hawaitaki. Wanataka gunia ya kawaida, mdomo umefungwa."

"Lumbesa mbili zinatoa gunia ngapi?"

"Tatu. Ikiwa imeshindiliwa vizuri, tatu na ndoo." Akanitazama. "Kwani nyie wa chuo hamjui?"

Hatukujua. Au niseme Profesa alijua kuliko wote, na ndiyo maana hakuona. Mama yake alikuwa mshonaji wa lumbesa, na yeye mwenyewe alishika sindano ile kabla ya kushika kalamu. Mtu wa Dar es Salaam angeuliza gunia hili mbona lina kichwa. Kwa mtu wa huku gunia lenye kichwa ndilo gunia. Katika daftari lake safu ya Tunduma iliandikwa "gunia", na safu ya Nakonde, ambako alikuwa akiletewa bei na karani, iliandikwa "gunia".

Niliazima mizani ya mnunuzi wa maharage nikapima mpaka mikono ikaniuma. Nilipogawa bei kwa kilo, ajabu yote ilikwisha. Viazi vilikuwa ghali kidogo Nakonde, kama inavyotakiwa, na wauza viazi walikuwa wanauza viazi.

Nilirudi Mbeya nikakaa siku nane sijasema. Niliogopa. Yule mzee alinilipia karo ya muhula mmoja baba alipougua, na jalada lake liko mezani, na mimi ndiye nina daftari la kulirudisha. Siku ya tisa nikagonga mlango.

Alisoma akiwa amesimama. Alisoma yote, akarudi mwanzo.

"Umepima mwenyewe?"

"Ndiyo, mwalimu."

"Kwa mizani ya nani?"

"Ya mnunuzi wa maharage."

"Ya mnunuzi hatuiamini. Twende na yetu." Halafu akakaa, akavua miwani. "Mama yangu angenicheka," alisema, na sauti yake haikuwa ya kucheka.

Mizani ile aliinunua Mwanjelwa kwa bei ya kwanza aliyotajiwa. Tulikaa mpakani siku tatu. Aliitundika kwenye bomba la lori, akakunja mikono ya shati, akawa anapima gunia moja baada ya jingine huku wapakiaji wakitucheka.

"Mzee, unanunua au unakagua?" mmoja alimuuliza.

"Naungama," alisema, akaandika uzito.

Tuliporudi, mhadhiri mwenzake, mtu aliyemtakia mema, alifunga mlango wa ofisi akamsihi mbele yangu. "Barua ya uprofesa inatoka mwezi ujao. Subiri. Ukishaipata sahihisha unavyotaka, nani atakunyang'anya?"

"Nikisubiri nitakuwa nimevaa nguo ya mtu," Profesa alisema. "Yangu haijashonwa bado."

Aliandika sahihisho la ukurasa mmoja na nusu, akaipelekea nakala kamati yenyewe. Kitu kimoja tu tulibishana. Alitaka aandike jina langu, kwamba mimi ndiye niliyeona. Nilikataa, nikalia. Nilikuwa na miaka ishirini na minne. Nilimwambia hakuna chuo kitakachoniajiri, watasema huyu ndiye binti aliyemvua nguo mwalimu wake. Tulivutana siku mbili, mwisho akaandika "mwanafunzi mmoja kutoka Igowole".

"Nakubali kwa leo," alisema. "Lakini hili sahihisho bado lina kasoro."

Jalada lilirudishwa. Uprofesa ulimfikia miaka saba baadaye. Katika miaka hiyo wenzake wa kantini walimwita Profesa wa Lumbesa, na kicheko kilikuwa kwamba hata uprofesa wenyewe hajaupata. Alilisikia jina hilo. Mwaka uliofuata, badala ya noti ya elfu, aliingia darasani nyuma ya vijana wanne waliobeba lumbesa, wakaitua mbele, vumbi likatujaa sote. "Mimi ndiye Profesa wa Lumbesa," alisema. "Hii ndiyo iliyonifundisha kuuliza bei ya nini."

Kazi aliyoifanya baada ya hapo ndiyo kubwa. Alituma wanafunzi kila mpaka aliomudu, Tunduma, Kasumulu na kwingineko, kila mmoja na mizani yake na jiwe la kuijaribia. Tulipima mchele, sukari, maharage, saruji. Leo mtu yeyote duniani akitaka kujua fedha za nchi zetu zinalinganaje kwenye mikono ya watu wanaozitumia, ataanzia kwenye majedwali yale, na chini ya kila jedwali kuna mstari mdogo unaosema nani alipima na kwa mizani gani. Nimekaa kwenye mikutano ya wachumi ng'ambo nikasikia wazungu wazima wanajibizana kuhusu mizani zetu. Nilijiona mrefu. Najua hata sasa ninajivuna ninapoandika, na acha nijivune.

Jina la utani lilibaki, ila lilibadilika mdomoni. Siku ya mahafali ambayo alitembea kwa mara ya kwanza na joho la uprofesa, wanafunzi waliimba "Lumbesa, Lumbesa" mpaka mgeni rasmi akauliza maana yake.

Mimi niliajiriwa, nikapata udaktari, nikafundisha. Kuhusu mwanafunzi wa Igowole watu walinong'ona na kubahatisha. Nilipoulizwa nilicheka tu.

Basi kurasa tatu zilipokamilika, magunia yakiwa ndani, sikutaka kuzipeleka kwa kamati kabla hajazisikia. Heshima ya ukumbi ni yake, na aibu kama ipo ni yake. Nilipanda basi asubuhi kwenda Iringa, anakoishi tangu astaafu. Pale Nyololo nikanunua ndoo ya viazi.

Nilimkuta sebuleni karibu na jiko la mkaa, masweta mawili mwilini, miguu imekonda.

"Kamwene," alinisalimu kikwetu.

"Kamwene, Profesa. Shikamoo."

"Marahaba. Umeleta nini?" Akainuka kwa shida, akaichukua mizani ukutani, ileile, akatundika ndoo yangu. "Nyololo hawajakudhulumu."

"Mgeni hajakaa, unampimia zawadi yake," Mama alisema, akaenda kuchemsha chai.

Nikamweleza wanayotaka kamati. Alisikiliza akikuna kidevu. "Mazuri matupu huandikwa kaburini," alisema. "Waambie mimi bado nakula. Soma."

Nikasoma. Alifumba macho. Kwenye kwaya alinikatiza kusema besi yake haikuwa mbaya kiasi hicho, na Mama akapaza sauti kutoka jikoni kwamba ilikuwa. Nikasoma makala ya viazi, Tunduma, lori. Nikafika pale nilipoandika kwamba kosa liligunduliwa na mwanafunzi mmoja kutoka Igowole. Akafumbua macho.

"Rudia hapo."

Nikarudia.

"Ndiye nani?"

"Unamjua, Profesa."

"Mimi namjua. Atakayekaa kwenye huo ukumbi atamjuaje?"

Nikamwambia nitaonekana najisifu, siku ambayo ni yake.

"Zamani ulisema utakosa kazi. Kazi umepata, sasa unasema utajisifu." Alinyoosha mguu karibu na jiko. "Mimi niliandika gunia na gunia, nikadhani nimemaliza, na watu wakaniamini. Nimeishi na aibu ile. Na wewe unaniandikia mwanafunzi. Mwanafunzi yupi? Igowole wako wangapi? Ile kazi nimeisahihisha yote, imebaki hapo tu, na hapo sina ruhusa ya kupagusa. Mwenye kalamu ni wewe."

Nikautazama tena mstari ule kwenye karatasi. Nikaelewa kwamba kwa miaka yote hii mimi ndiye niliyelizuia sahihisho lake lisiishe. Nilikuwa nimeliita woga wangu heshima.

"Andika, mwanangu," Mama alisema kutoka jikoni. "Huku chai inataka kumwagikia motoni."

Nikatoa kalamu. Nikakata "mwanafunzi mmoja", nikaandika jina langu, na baada yake jina la baba, muuza viazi. Profesa akanyoosha mkono apewe karatasi. Akaisogeza karibu na miwani, akalisoma herufi kwa herufi, midomo ikicheza, kama alivyokuwa akikagua majedwali. Alichukua muda mrefu kwa maneno machache vile.

"Vizuri," akasema.

Safari hii chai ilikuwa bado jikoni.